Matende na mabusha: Si madafu, si uchawi

Mwezi uliopita aliingia katika kliniki yangu hapa Mombasa mzee mmoja wa miaka 58, bawabu wa usiku, amevaa koti refu la mvua ilhali nje jua la kaskazi lilikuwa likichoma. Alisema anaumwa na kichwa. Nikampima presha, ikawa sawa. Nikamtazama macho na koo, sikuona kitu. Nikamwandikia vidonge vya maumivu, akashukuru, akasimama. Alipofika mlangoni, mkono umeshika kitasa, ndipo alipogeuka akasema, "Daktari, na huu mzigo nao?"

Mzigo aliouficha chini ya koti ulikuwa busha lenye ukubwa wa nazi ambayo haijafuliwa. Alikuwa nalo kwa miaka 11. Muda huo wote hakupanda matatu saa za msongamano, hakukubali kuoa tena baada ya mkewe kufariki, na, jambo lililonihuzunisha zaidi, hakuonja dafu hata moja. Alipokuwa kijana kule Kilifi aliambiwa na wakubwa wake kwamba madafu ndiyo yaletayo mabusha. Mtu wa Pwani kukaa miaka 11 bila dafu!

Msomaji, huenda nawe umeyasikia hayo, na mengine zaidi. Kuna wasemao kwamba busha hutokana na kukalia sakafu baridi. Kuna wanaoamini kwamba matende ni uchawi wa kutegewa njiani, na ukiikanyaga dawa ya adui basi mguu utavimba mpaka ufe. Wengine hunong'ona kuwa ni ugonjwa wa zinaa, au laana ya ukoo, kwa sababu baba alikuwa nao na mwana akaupata. Dafu halina hatia hata kidogo. Baba na mwana huugua pamoja kwa sababu walilala nyumba moja na kuumwa na mbu wale wale.

Matende, yaani kuvimba kwa mguu, na mara nyingine mkono au titi, pamoja na mabusha mengi tunayoyaona huku Pwani, yaani maji kujaa katika mfuko wa korodani, ni sura mbili za ugonjwa mmoja. Huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi uitwao filaria. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2000 watu zaidi ya milioni 120 walikuwa na mnyoo huyu mwilini, na milioni 40 kati yao walikuwa wamelemazwa au kuharibiwa umbo. Kufikia 2018 idadi ya walioambukizwa ilikadiriwa kuwa imeshuka hadi milioni 51. Hapa Kenya ugonjwa huu ni wa Pwani: Kwale, Kilifi, Mombasa, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Lakini watu wa Pwani wanaishi Nairobi, Nakuru na Eldoret pia, na mnyoo husafiri na mwenyewe.

Mnyoo na safari yake

Mnyoo jike aliyekomaa huwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10, na dume karibu nusu ya hapo. Hawakai tumboni kama minyoo ya kawaida. Makao yao ni mishipa ya limfu, ile mishipa myembamba inayokusanya maji ya mwilini na kuyarudisha katika damu, na ambayo hupitia kwenye tezi za kinena na kwapa. Humo huishi miaka 6 hadi 8, jike akizaa vitoto vingi mno, mamilioni, ambavyo huingia katika damu.

Vitoto hivyo vina tabia ya ajabu. Mchana hujificha ndani kabisa ya mwili, hasa katika mishipa ya mapafu. Usiku unapoingia hutoka na kuja kwenye damu iliyo karibu na ngozi, na huwa vingi zaidi kati ya saa nne za usiku na saa nane. Kwa nini saa hizo? Ndizo saa ambazo mbu wetu wa Pwani hutoka kutafuta damu. Mbu akifyonza damu hiyo, vitoto hukua ndani yake kwa siku 10 hadi 14, kisha akimwuma mtu mwingine huteremka kwenye ngozi na kupenya kupitia tundu aliloliacha mbu.

Usiogope sana ukisikia hayo. Kuumwa mara moja hakutoshi. Kwa kawaida mtu huhitaji kuumwa mara nyingi sana, kwa miezi na miaka, kabla minyoo haijajijenga mwilini, ndiyo maana mgeni aliyekuja Malindi likizo ya wiki 2 haondoki na matende. Wengi wa wagonjwa wetu waliambukizwa utotoni, na dalili zikajitokeza walipofika utu uzima.

Walivyomgundua

Historia ya ugunduzi wenyewe inaonyesha jinsi sayansi inavyopapasa gizani kabla ya kupata njia. Mwaka 1863 daktari wa Paris aitwaye Demarquay aliona vitoto vya mnyoo katika maji ya busha. Miaka 3 baadaye Otto Wucherer aliviona katika mkojo wa mgonjwa kule Brazil. Mwaka 1872 Timothy Lewis, akiwa Calcutta, akaviona ndani ya damu. Mnyoo mzima alipatikana 1876 na Joseph Bancroft wa Brisbane, Australia. Jina la kitaalamu la mnyoo huyu, Wuchereria bancrofti, limewaunganisha wawili kati yao.

Swali likabaki: hutokaje kwa mtu mmoja hadi mwingine? Aliyelijibu nusu ni Patrick Manson, Mskochi aliyekuwa akifanya kazi Amoy, kusini mwa China. Mwaka 1877 alimlaza mtunza bustani wake, Hin Lo, aliyekuwa na vitoto hivyo katika damu, ndani ya chumba chenye mbu. Asubuhi akawakusanya mbu walioshiba, akawapasua siku baada ya siku chini ya hadubini, na akaona vitoto vikikua. Huo ulikuwa mwanzo wa kujua kuwa mdudu aumaye anaweza kubeba ugonjwa wa binadamu, na Manson huyu ndiye baadaye aliyemhimiza Ronald Ross kutafuta kiini cha malaria ndani ya mbu.

Hata hivyo Manson alikosea mwisho wa safari. Alidhani mbu huuma mara moja tu, hufa ndani ya maji, na mtu huambukizwa kwa kuyanywa maji hayo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kulisahihisha kosa hilo. Thomas Bancroft, mwana wa yule Joseph, alipeleka mbu London kutoka Australia, na mwaka 1900 George Carmichael Low akawapasua na kuwakuta wanyoo wachanga wamejipanga ndani ya mrija wa kufyonzea damu, wakingoja kutoka. Kwa hiyo yule mzee wangu asiyekunywa madafu asichekwe. Daktari bingwa naye aliwahi kuyasingizia maji.

Kwa nini mguu hugeuka kuwa kama wa ndovu

Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umebadili kabisa namna tunavyotibu, na hapa ndipo nina kosa langu la kueleza.

Zamani tulifundishwa kwamba minyoo huziba mishipa ya limfu kama taka zinavyoziba mtaro, maji yakarudi nyuma, mguu ukavimba. Ukweli ni kwamba minyoo, kwa kukaa humo miaka mingi, huipanua na kuilegeza mishipa hiyo hata ikashindwa kusukuma maji. Mguu huanza kuvimba kidogo jioni na kurudi asubuhi. Lakini minyoo peke yake haileti ule mguu mgumu wenye mikunjo na vinundu. Huo huletwa na bakteria wa kawaida wa ngozi, ambao huingia kupitia mikwaruzo na hasa kupitia fangasi za katikati ya vidole. Mguu uliojaa maji yasiyotembea hauna nguvu ya kupigana nao. Mgonjwa hupata homa kali, baridi, mtoki katika kinena, mguu ukawaka moto na kuwa mwekundu, akalala kitandani siku kadhaa. Homa ikiisha, mguu haurudi ulivyokuwa. Kila shambulio huacha ngozi nene kuliko jana. Dkt Gerusa Dreyer na wenzake huko Recife, Brazil, ndio waliofanya kazi kubwa ya kulionyesha jambo hili, na jibu lao linawashangaza wagonjwa kila ninapowaambia: dawa ya kwanza ya mguu wa matende ni sabuni na maji.

Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya bara, mama mmoja mzaliwa wa Kwale aliletwa mara 4 kwa mwaka mmoja akiwa na homa na mguu uliovimba. Kila mara nilimpa antibiotiki na vidonge vya kukojoa, homa ikashuka, nikamruhusu aende. Sikumwuliza alikulia wapi. Sikumtenganisha vidole vya mguu kutazama kati yake. Vidonge vya kukojoa havisaidii mguu wa matende, na fangasi niliyoiacha ndiyo iliyokuwa mlango wa shambulio la mara ya pili, ya tatu na ya nne. Baada ya hapo alirudi kwao kwa mganga, na nilipomwona tena baada ya miaka 3 alikuwa hawezi kuvaa kiatu chochote. Angeweza kuoshwa mguu tangu siku ya kwanza.

Basi kama una mguu wa namna hii, au unaye mtu nyumbani, fanya hivi kila siku. Tia maji safi, yasiyo moto, ndani ya besheni. Tumia sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali. Osha kwa mkono au kitambaa laini, si kwa brashi wala jiwe, kuanzia juu kushuka chini, katika kila mkunjo na kati ya vidole, mpaka maji ya mwisho yawe safi. Kisha kausha. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huosha vizuri wakaacha unyevu kati ya vidole, na unyevu ndio chakula cha fangasi. Tumia kitambaa kikavu, uguse taratibu bila kusugua. Penye weupe, harufu au mpasuko, paka dawa ya fangasi. Ukiketi, inua mguu juu ya kigoda. Ukilala, weka mto chini ya godoro upande wa miguuni. Zungusha kifundo cha mguu na ujiinue kwa vidole mara kwa mara, kwa maana misuli ikicheza husukuma maji kwenda juu. Vaa viatu vipana visivyobana. Shambulio la homa likija, usifanye mazoezi, poza mguu kwa kitambaa chenye maji baridi, na uende hospitali upewe antibiotiki. Usikubali kuchanjwa chale. Chale ni milango mipya kwa wale wale bakteria.

Mguu uliokwisha kuwa mgumu hautarudi kuwa wa msichana. Lakini mguu unaooshwa hivyo hupunguza mashambulio, harufu huisha, na wengi huweza kurudi kazini. Majaribio yaliyofanywa India, Mali na Sri Lanka, yaliyochapishwa 2024, yalilinganisha wagonjwa waliopewa antibiotiki ya doksisaiklini na wasiopewa, wote wakifundishwa kuosha miguu. Dawa haikuongeza faida ya maana katika uvimbe.

Busha hupasuliwa

Habari za busha ni njema kuliko za mguu, kwa sababu busha hupona kwa operesheni. Hukatwa kwa ganzi, kwa muda usiozidi saa moja mara nyingi, maji hutolewa na ule utando unaoyatengeneza huondolewa au kugeuzwa. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au baada ya siku chache, akae bila kubeba mizigo mpaka kidonda kipone. Operesheni hii haiondoi nguvu za kiume, na hilo ndilo swali ambalo wanaume huniuliza kwa sauti ya chini kuliko yote.

Tafadhali usimruhusu mtu yeyote akutoboe kwa sindano kuyatoa maji. Yatarudi, na yanaweza kurudi yakiwa na usaha.

WHO linakadiria wanaume milioni 25 duniani wanaishi na busha la namna hii. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ingawa busha lenyewe haliui. Linachoua ni ndoa, kazi na heshima ya mtu mbele ya wanawe. Yule bawabu alipasuliwa katika hospitali ya serikali. Alikuja kunionyesha kidonda kilichopona, akiwa amevaa shati tu.

Vidonge vinavyomezwa na mtaa mzima

Dawa inayoitwa DEC iligunduliwa mwaka 1947. Huua vitoto katika damu na baadhi ya minyoo iliyokomaa. China iliichanganya katika chumvi ya kupikia kwa mamilioni ya watu wake, na mwaka 2007 nchi hiyo ambako Manson alipasua mbu wake ikatambuliwa kuwa imeumaliza ugonjwa huu. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuung'oa ulimwenguni, na mpango wenyewe ukaanza 2000: wakazi wote wa eneo lenye ugonjwa, wazima kwa wagonjwa, humeza dawa mara moja kwa mwaka. Mnyoo mkubwa huachwa azeeke na kufa, lakini damu ya watu huwa haina vitoto vya kumpa mbu.

Kenya ilianza 2002 kule Kilifi kwa DEC na albendazoli. Majirani zetu Tanzania na Uganda hutumia ivermektini na albendazoli, kwa kuwa DEC ni hatari kwa mtu mwenye ugonjwa wa usubi, ambao huweza kumharibu macho. Kwetu usubi ulimalizwa magharibi mwa nchi kwa kuwapiga inzi wake dawa ya DDT mitoni katika miaka ya 1940 na 1950, ndiyo maana DEC inaweza kutumika.

Dawa hizo 2 huhitaji kumezwa angalau miaka 5 mfululizo, na watu wasipungue 65 katika kila 100. Kwetu miaka mingine ilirukwa, na kazi ikabidi kuanzishwa upya 2015. Ndipo utafiti kutoka Papua New Guinea, uliochapishwa 2018, ulipoleta tumaini jipya. Watu waliopewa dawa 3 kwa pamoja, ivermektini, DEC na albendazoli, mara moja tu, 96 katika kila 100 hawakuwa na kitoto hata kimoja katika damu baada ya miaka 3. WHO lilikuwa limekwisha kuupendekeza mchanganyiko huo mwishoni mwa 2017, na mwaka 2018 Kenya ikautumia katika kaunti za Lamu na Mombasa. Togo ilitambuliwa 2017 kuwa imeumaliza ugonjwa, na Malawi 2020. Hazina fedha kuliko sisi.

Watu hukataa vidonge hivi kwa sababu 2. Ya kwanza, husema mimi si mgonjwa. Lakini wengi wenye minyoo hawana dalili yoyote, na wao ndio wanaowalisha mbu. Ya pili, husema dawa ilimpa jirani homa na kichwa. Ni kweli, na mara nyingi ni ishara kuwa alikuwa na minyoo: vitoto vinapokufa kwa wingi mwili hupambana na mabaki yake, na hali hiyo hupita kwa siku chache. Wajawazito, watoto wadogo sana na wagonjwa mahututi hawapewi. Mweleze mgawaji dawa hali yako kabla ya kumeza.

Kuna pia njia ya kumwua mnyoo mkubwa mwenyewe. Ndani yake huishi bakteria waitwao Wolbachia, ambao bila wao hawezi kuzaa wala kuishi muda mrefu. Katika kijiji cha Kimang'a, Pangani, Tanzania, watafiti waliwapa wanaume doksisaiklini kwa wiki 8. Baada ya miezi 14 mashine ya ultrasaundi iliwaona minyoo hai kwa 6 tu kati ya wanaume 27, huku kati ya 27 waliopewa vidonge vitupu 24 wakiwa bado nao. Matokeo yalichapishwa 2005. Tiba hii ni ya mtu mmoja mmoja chini ya daktari, na haiwafai wajawazito wala watoto.

Mbu wa chooni

Mashambani minyoo hii huenezwa zaidi na mbu wa Anofelesi, yule yule wa malaria, lakini mjini mwenezaji mkuu ni Kuleksi, mbu wa kahawia anayependa maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, matangi ya maji taka yaliyopasuka, mitaro iliyoziba. Wakazi wa Kisauni na Likoni wanamfahamu vizuri. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga chembe ndogo nyeupe za plastiki nyepesi, zile zinazofungiwa redio mpya katika katoni, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Zikaelea kama blanketi, viluwiluwi vikakosa pumzi, mbu wakapungua sana, na pamoja na dawa ya DEC ugonjwa ukashuka. Hata usipokuwa na chembe hizo unaweza kuziba nyufa za tangi, kufunika tundu la choo, kuweka wavu katika bomba la hewa na kulala ndani ya chandarua.

Neno la tahadhari kwa msomaji wa bara: si kila mguu uliovimba ni matende. Moyo, figo, ini na damu iliyoganda katika mshipa huweza kuuvimbisha, na hayo hayangoji. Katika nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na Uganda, na kwetu magharibi mwa Kenya, kuna watu wenye miguu kama hii bila mnyoo wowote. Wao huipata kwa kutembea pekupeku miaka mingi katika udongo wa volkano, na kinga yao ni viatu na maji.

Ukienda kwa daktari, mwambie mwenyewe ulikozaliwa na ulikoishi utotoni, hata asipokuuliza. Mwonyeshe katikati ya vidole. Zamani damu ilibidi kutolewa usiku wa manane. Siku hizi kuna kipimo cha tone la damu ya kidole kinachosomwa saa yoyote kwa dakika chache. Lakini kama mguu umevimba siku nyingi na kipimo kikaonyesha huna mnyoo, usiache kuosha. Mara nyingi minyoo huwa imekwisha kufa, ikaacha mishipa iliyoharibika.